Njoo tuketi mwambani

Pacific Grove, California
Mwisho wa Aprili

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mimi mzima. Uliniuliza kama ukate mapema tiketi za mashua ili wanao wamwone nyangumi, nami nimekaa wiki mbili sijakujibu. Sikukusahau. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia kwamba safari ile niliyokusifia mwaka jana, leo siisifii tena.

Nilikuandikia, unakumbuka, kwamba nyangumi alikuja karibu hata pumzi yake ikatulowesha uso. Si kweli kwamba alikuja. Sisi ndio tulimwendea. Alikuwa nyangumi wa kijivu na ndama wake, wanaambaa na pwani kuelekea kaskazini, na nahodha wetu akaipitisha mashua kati yao na nchi kavu ili tupate picha nzuri. Mwongozo unataka mtu akae kama mita 90 mbali nao. Sisi tulikuwa karibu kiasi kwamba niliona vidudu vya baharini vyenye magamba vimemganda kichwani. Tulipiga makofi. Yule mama akageuka na mwanawe, akaelekea kwenye kina.

Wakati ule sikujua kwenye kina kuna nini. Ghuba hii ya Monterey ina bonde chini ya maji, linaanzia hapo karibu na ufuo wa Moss Landing, linateremka zaidi ya mita 3,000. Maji baridi yanayopanda kutoka chini huleta rutuba, ndiyo maana kila kinachokula samaki kiko hapa. Lakini mwezi wa Aprili na Mei oka, yaani nyangumi wauaji, nao hulizunguka bonde hilo, wale weusi wenye mabaka meupe, wakivizia ndama. Mama mwenye mtoto huambaa ufuoni, karibu na mwani na mawimbi, kwa sababu hapo ndipo pana usalama zaidi. Tena ana njaa. Amezalia kwenye ghuba tulivu za Baja California, Mexico, hajala cha maana kwa miezi, ananyonyesha kwa mafuta ya mwili wake, na malisho yake yako bahari za Aktiki. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 16,000. Nasi tukamsukuma nje ya njia yake kwa ajili ya picha. Picha yenyewe ninayo bado, siipendi.

Basi mwaka huu sikupanda mashua. Nimekuwa nikienda kuketi mwambani asubuhi, upepo haujaanza, na darubini yangu ya zamani. Shoga, nimeona mengi zaidi kuliko mwaka jana.

Kosa letu ni kumtafuta nyangumi. Usimtafute yeye, tafuta pumzi yake. Wa kijivu akitoa pumzi, mvuke hupanda mfupi na mnene, na akiwa anakutazama uso kwa uso unagawanyika juu kama umbo la moyo. Ukiiona mara moja, usiondoe macho. Atapumua mara tatu, nne, hata tano, kisha atainua mkia na kuzama kwa dakika kadhaa. Wewe hesabu, halafu peleka darubini mbele kidogo kwenye njia yake. Mara ya kwanza nilipokisia mahali, naye akatokea papo hapo, nilipiga kelele peke yangu. Na ukiona pumzi kubwa na ndogo kando yake, ndogo inarudi upesi upesi, ujue ni mama na mtoto. Mtoto hawezi kukaa chini muda mrefu, kwa hiyo mama naye anamfuata mwendo. Juzi nilihesabu jozi tatu kabla jua halijapanda juu.

Fisi maji wa baharini ndio watakaowafurahisha wanao kuliko wote. Hawa hawahitaji hata darubini. Wanalala chali katikati ya mwani mkubwa, wamejiviringishia majani yake wasichukuliwe na mkondo. Mmoja namjua sasa, mama mwenye kitoto cha manyoya ya njano njano. Akitaka kwenda kuwinda anakifunga kitoto kwenye mwani kama mtu anavyomfunga mtoto mgongoni, kisha anazama. Kitoto hakizami hata kikitaka. Manyoya yake yameshika hewa nyingi, kinaelea kama kizibo. Mama anarudi na kaa au kome, anaweka jiwe kifuani, anagonga: ko, ko, ko. Ukikaa kimya unausikia mlio huo kabla hujamwona. Jiwe alipendalo hulichukua tena, ana mfuko wa ngozi chini ya kwapa.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni kwamba hana mafuta ya kumkinga na baridi kama nyangumi. Ana manyoya tu, mazito kuliko ya mnyama yeyote, hadi nywele milioni moja mahali penye upana wa stempu ya barua. Ili apate joto lazima ale kila siku kama robo ya uzito wake, na anayenyonyesha zaidi ya hapo. Wiki iliyopita mtu mmoja aliingia na mtumbwi katikati ya mwani, polepole kabisa, kwa nia njema nadhani, akitabasamu. Kitoto kikalia. Mama aliibuka mikono mitupu, akakibeba kifuani kwa meno na mikono, akaogelea mpaka mwamba wa pili. Nilimtazama saa nzima, hakuzama tena. Mlo ule ulimpotea. Hapa wanasema uwe umbali wa mita 20 hivi, lakini mimi nina kipimo changu: akiinua kichwa akakutazama, umeshamkaribia mno.

Na hawa tulikaribia kuwakosa kabisa. Manyoya hayo hayo ndiyo yaliyowaponza. Waliwindwa mpaka mkataba wa 1911 ulipokataza, na huku California watu wengi walidhani wamekwisha. Kumbe kundi dogo, kama 50 tu, lilikuwa limejificha kwenye mwambao wa Big Sur, na watu wakaja kulijua mwaka 1938, barabara ya pwani ilipokuwa mpya. Hawa 3,000 hivi walioko leo, pamoja na huyu mama yangu, ni uzao wa wale. Wanakula wale wanyama wa duara wenye miiba wanaotafuna mashina ya mwani, kwa hiyo alipo fisi maji na msitu wa mwani husimama, na humo samaki hupata pa kuzalia.

Nitawapeleka pia Point Lobos. Kuna kilima ambako karne ya kumi na tisa wavuvi wa nyangumi waliweka mtu wa kuangalia pumzi, ile ile tunayoitafuta sisi, ili wenziwe chini washushe mashua na mikuki. Chini kuna kibanda cha zamani na mifupa mikubwa ya nyangumi. Nilikaa pale juu nikaona pumzi mbili zikipita, nikalia kidogo, sikufichi. Nyangumi wa kijivu wa upande huu waliongezeka mpaka mwaka 1994 Marekani ikawaondoa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Miaka hii ya karibuni wamepungua tena, wengine wamekutwa wamekonda na kufa ufuoni, kwa hiyo naona kila jozi inayopita ni ya kuombewa.

Sili wamezaa sasa hivi, watoto wako mchangani, tutawatazamia juu nyuma ya uzio. Simba wa baharini utawasikia kabla hujafika. Nyangumi wenye nundu ndio wanaanza kuingia, na dagaa wakikusanyika karibu na pwani unaweza kuwaona wakiibuka wamefungua vinywa, simba wa baharini wakirukaruka pembeni yao.

Tiketi usikate. Watoto wakililia mashua sana, tutatafuta nahodha anayezima injini akangoja, nitauliza mwenyewe kabla hatujalipa. Wavishe nguo za baridi, asubuhi hapa ukungu unaingia mpaka mifupani, na waambie wajizoeze kukaa kimya nusu saa. Yule mdogo aanze sasa.

Leo asubuhi nilimkuta mama fisi maji amerudi kwenye mwani wake wa zamani. Nimekuchagulia mwamba, una mgongo wa kuegemea, unatutosha wote wanne.

Akupendaye,
Zuhura