Konokono wa Kigoma sio wote wa kichocho

Mhariri, naomba kanafasi kadogo niongee na wenzangu wa Kigoma. Juzi kwenye kikao cha mtaa huku Ujiji bwana mmoja kasimama kasema kichocho kitaisha tukimwaga sumu kila mwalo konokono wote wafe, na watu wakapiga makofi! Sumu ya konokono inaua na samaki jamani, halafu dagaa tutakula wa wapi?

Konokono wenyewe hawafanani. Ziwa Tanganyika lina konokono kibao ambao hawapo popote pengine duniani, wana magamba magumu utadhani wa baharini, hata Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika hapahapa Ujiji 1858 aliyaokota akaenda nayo kwao. Hao hawana kesi. Wenye kesi ni Biomphalaria, yule bapa kama kamba iliyoviringishwa, anabeba kichocho cha tumbo, na Bulinus wa kichocho cha mkojo, ukimshika ncha juu mdomo ukikutazama tundu lake liko kushoto. Wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, ndo hiyo mifereji ya mpunga bonde la Luiche.

Sasa Bulinus nao wako aina nyingi, magamba yanachanganya hata wataalamu, na sio wote wanabeba. Hapo ndo vinasaba vinasaidia, unakata kinyama kidogo cha konokono unatia kwenye spiriti, maabara wanasoma kipande kimoja cha jeni, herufi za vinasaba kama 650 hivi, wanalinganisha na zilizohifadhiwa za konokono wanaojulikana, yaani kama barkodi ya sabuni dukani (wazo la Paul Hebert wa Kanada, 2003). Ukiandika na pale ulipomwokota, ukaenda hivyo dimbwi kwa dimbwi, ramani hiyo. Ila kama aina yake haijawahi kuhifadhiwa utabaki na herufi bila jina, kwa hiyo mzee anayejua magamba msimfukuze kazi bado.

Mwanangu alikojoa damu mwaka jana, wakampima urefu kwa ile fimbo ya kukadiria dozi wakampa vidonge vyake akapona, wiki mbili tu namkuta mfereji uleule, namchapa ananiuliza, "sasa baba tuogelee wapi?" Sina jibu. Kwa hiyo wahusika, kabla ya hiyo sumu tunaomba ramani ibandikwe ofisi ya mtaa, pale kwenye matangazo ya maji.

Mzazi, Ujiji