Mwalimu wa mazoezi aliye ugenini apewe darasa, asikalishwe nyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu nirudi, na naomba walisome hasa wakufunzi wa vyuo vya ualimu na wale wanaosaini hii mikataba ya kubadilishana wanafunzi.

Mimi nasomea ualimu, niko mwaka wa tatu, na muhula uliopita nilipelekwa nje ya nchi kufanya mazoezi ya kufundisha, wiki 14. Watu wakisikia nje ya nchi wanawaza ndege na picha, kila mtu ananiuliza ulitembea wapi, baridi ilikuwaje, hakuna hata mmoja aliyeniuliza ulifundisha vipindi vingapi, na mimi naona hilo ndo swali lenyewe. Maana wiki 6 za kwanza sikufundisha hata kipindi kimoja. Nilikuwa nakaa nyuma ya darasa na daftari, naandika mwalimu kafanya nini, watoto wamefanya nini, kengele ikilia nafungua ukurasa mpya naanza tena.

Mwalimu aliyenipokea alikuwa mtu mwema kabisa, tena mvumilivu, alinitafutia kiti, alinielekeza kila kitu, ila alikuwa ananiona mgeni tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nililisubiri mwezi mzima na nusu. Na kutazama kwenyewe sio kitu kigeni kwetu, mtu yeyote aliyemaliza shule ametazama walimu utoto wake wote. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie alikadiria kwamba mpaka mtu anamaliza sekondari ameshakaa na walimu kama saa 13,000, na kwamba ndo maana wengi tunadhani kazi tunaijua wakati tumeiona upande wa mwanafunzi tu. Sasa kama nimeshatazama saa zote hizo, kunipandisha ndege niende kutazama zingine kuna faida gani?

Wiki ya 7 nikapewa darasa la hesabu, mada ya sehemu, yaani nusu, theluthi na kadhalika, watoto wa miaka 9 na 10. Usiku wake sikulala, niliandika kila sentensi nitakayosema, maneno yote ya hesabu nilikuwa nayajua kwa lugha yao maana nilishayasoma kitabuni. Kilichonishinda ni yale madogo madogo ambayo hakuna kitabu kinachoyafundisha, mtoto anakuja anasema mwenzie kamchukulia rula, mwingine anaomba kutoka, mwingine anauliza tuandike kwa kalamu ama penseli, wanaongea haraka, wanakata maneno, na wote wanakungoja wewe.

Ila kuna kitu kilitokea hapo ambacho sitakisahau. Nilikuwa nikiuliza swali, siwezi kuongeza neno haraka maana nahitaji muda wa kupanga sentensi inayofuata kichwani, kwahiyo darasa linakaa kimya, sekunde moja, mbili, tatu, nne, mi moyo unadunda, halafu mikono inaanza kunyanyuka, kwanza ya wale wa kila siku, baadae na ya wengine. Kuna mtoto mmoja ambaye wiki 6 nilizokaa nyuma yake sikuwahi kusikia sauti yake, siku ile alinyanyua mkono akaeleza kwanini nusu ni kubwa kuliko theluthi wakati 3 ni kubwa kuliko 2, alieleza vizuri kuliko nilivyokuwa nimeandika mimi kwenye andalio. Mwalimu wangu mwenyeji alikuwa pembeni, tukaangaliana tu.

Baadae ndo nikaja kusoma kwamba jambo hili linajulikana zamani. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliandika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakiuliza swali wanasubiri sekunde 1 tu ama chini ya hapo, na wakijizuia wakafika 3 majibu ya watoto yanakuwa marefu, na wanaojibu wanaongezeka hata wale waliokuwa hawajibu. Nyumbani, kwa lugha niliyoizoea, nilikuwa sisubiri hata kidogo, nauliza najijibu mwenyewe nasonga mbele. Ugenini ndo kumenifundisha kunyamaza, na kumenifundisha nikiwa mbele ya darasa, kule nyuma kwenye daftari langu la wiki 6 hakuna hata mstari mmoja kuhusu kimya.

Najua kuna watakaosema watoto wa watu sio wa kujaribia, mtu lugha hajaiweza utampaje kipindi. Hoja hiyo naiheshimu, mimi mwenyewe ningekuwa mzazi ningeuliza. Lakini hakuna anayesema apewe siku ya kwanza dakika 40 peke yake. Apewe dakika 10 za kufungulia somo, apewe kikundi cha watoto wanne, afundishe pamoja na mwalimu mwenyeji, kila wiki anaongezewa kidogo, mpaka wiki ya 4 anashika kipindi kizima, mwalimu mwenyeji yupo pale pale darasani. Hiyo inawezekana.

Halafu kuna suala la kurudi. Niliporudi na vipindi vyangu 31 vilivyosainiwa, niliambiwa havihesabiki, nirudie mazoezi, kisa hakuna karatasi iliyosema vitahesabiwa. Nilikwenda kuusoma mkataba wetu, kuna tarehe za kufika, kuna bima, kuna malazi, neno vipindi halimo. Wenzetu wa Ulaya kwenye mpango wao wa kubadilishana wanafunzi uitwao Erasmus, ulioanza 1987 na nchi 11 tu, wana makubaliano ya masomo yanayosainiwa na watu watatu kabla hujaondoka, wewe, chuo chako na kule unakokwenda, na yanasema utafanya nini na utatambuliwa kwa krediti ngapi, krediti 60 ndo mwaka mzima na kila moja ni saa 25 mpaka 30 za kazi. Sisi hatuhitaji kujiunga na kitu chochote ili tuandike karatasi kama hiyo, ni ukurasa mmoja, unasema ataanza kushika darasa wiki ya ngapi, atafundisha vipindi vingapi, nani atamkagua, na chuo chake kitavihesabuje.

Kuna wenzangu wanaondoka muhula ujao. Fomu zao bado ziko ofisini hazijasainiwa, kwahiyo muda wa kuongeza huo ukurasa upo.

Mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa tatu