Shukrani kwa fundi wa Kariakoo

Kaka yangu fundi, sikukuuliza jina, na haraka ya kuwahi daladala ya Mbagala ilininyima nafasi ya kukushukuru ipasavyo. Basi nakushukuru hapa, mbele ya watu.

Wiki tatu nilikuwa nachaji kompyuta mpakato yangu huku nimeushikilia waya kwa kidole. Nikilegeza kidogo tu, taa inazimika. Fundi wa kwanza aliniambia bodi imekufa, ninunue nyingine. Tasnifu yangu yote ilikuwa humo ndani. Nililia njia nzima.

Wewe hukukimbilia bei. Ulipima chaja kwanza, mita ikasoma volti 19 na ushei, ukasema, "Chaja nzima, dada. Tatizo liko kwenye tundu la kuchomekea chaja." Ukafungua skrubu moja moja ukizipanga kwenye karatasi, kisha ukanipa kioo cha kukuzia nione mwenyewe: risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka kuzunguka mguu mmoja wa tundu, ufa mwembamba kama unywele. Ukang'oa tundu bovu, ukalehemu jipya, ukalitikisatikisa kabla ya kufunga. Taa haikupepesa hata mara moja.

Ulinitoza pesa ya tundu na ya kazi, basi. Ukanionya pia nisiibebe kompyuta huku waya umechomekwa, maana ndiko tundu linakolegea.

Tasnifu nimeiwasilisha Ijumaa. Ahsante sana, kaka. Mungu akuzidishie, na mikono yako isichoke.