Ukibadili jina la faili, moduli haijageuka

Pesa za korosho zikianza kuingia, dukani kwetu hapa Mtwara mjini huja watu wenye simu mpya mikononi. Simu ya zamani kapewa mtoto, na mwenyewe anataka vitu vyake vyote vihamie kwenye hii mpya. Picha zinahama, namba zinahama, nyimbo za kwaya zinahama. Inayogoma ni Biblia. Tafsiri moja unaweza kuipakua upya ukiwa na bando, lakini wanaotujia wana zaidi ya hapo: fafanuzi, kamusi, tafsiri tatu nne za kulinganisha, na maandalizi ya mahubiri waliyoyaandika wenyewe kwa miaka. Mtu ananakili mafaili yote, anayapanga kwenye simu mpya, anafungua programu, na programu haioni kitabu hata kimoja.

Mwinjilisti mmoja alishuka kutoka Tandahimba na flashi kwenye mfuko wa shati. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akasema, "Wanangu, nimelibadilisha jina hili faili mara tatu na bado halifunguki." Hajakosea peke yake. Wengi hufanya hivyo, na ndiyo maana tunaandika hapa kinachotokea ndani ya mafaili haya, ujue lipi unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani na lipi utuletee.

Kwenye kompyuta za Windows wateja wetu wengi wana programu ya Biblia iitwayo e-Sword, ambayo Rick Meyers wa Marekani aliitoa mwaka 2000 na mpaka leo ni ya bure. Wachache wana theWord. Kwenye simu za Android wengi wana MySword, wengine MyBible, wengine AndBible inayosoma vitabu vya SWORD, mradi wa programu za Biblia wa shirika la CrossWire. Zote zinafanya kazi bila intaneti, na huku kwetu hilo ni jambo kubwa. Ukishaacha barabara ya lami mtandao unakuja na kuondoka, na ibada ya Jumapili haiwezi kuusubiri.

Programu yenyewe ichukulie kama kabati la vitabu. Kila kitabu ndani yake, iwe Biblia, fafanuzi au kamusi, ndicho kinachoitwa moduli, na kila moduli ni faili linalojitegemea. Shida ni kwamba kila fundi wa kabati amepima rafu kwa vipimo vyake.

Kuongeza moduli iliyotengenezwa kwa ajili ya programu uliyonayo ni kazi nyepesi, wala hatutaki ulipe nauli kwa ajili yake. Kwenye e-Sword tumia menyu ya kupakua iliyo ndani ya programu, au nakili faili kwenye folda ya programu, kisha funga na ufungue upya. Kwenye MySword kuna folda iitwayo mysword, na ndani yake folda ndogo za bibles, commentaries na dictionaries. Kila faili liende kwenye yake. Moduli ikiwa imeishia na gz, ifungue kwanza, maana bado imebanwa. AndBible ni kinyume: lile faili la zip usilifungue, lipe programu hivyo hivyo kupitia menyu yake ya kuingiza. Na kama simu yako ni ya Android 11 au zaidi, huenda ukakuta folda za ndani za programu hazigusiki kabisa. Simu haijaharibika, ni ulinzi uliowekwa na Android yenyewe. Pitia menyu ya programu husika.

Kugeuza, yaani kuitoa moduli kwenye mtindo wa programu moja na kuipanga kwa mtindo wa nyingine, ni kazi nyingine.

Ukifungua faili la Biblia la e-Sword ya kuanzia toleo la 9, au la MySword, ndani unakuta jedwali la SQLite, yaani mtindo mmojawapo wa kuhifadhi data, lenye safu nne: kitabu, sura, aya na maandiko. Kitabu hakiandikwi kwa jina bali kwa namba. Mwanzo ni 1, Mathayo ni 40, Ufunuo ni 66. MyBible nayo inatumia SQLite, ila jedwali lake lina jina jingine na namba zake zinaruka kwa makumi: Mwanzo ni 10, Mathayo ni 470, Ufunuo ni 730. Kwa hiyo ukichukua faili la MySword ukalipa jina la MyBible, programu itakwenda kutafuta Mathayo mahali ambapo hakuna kitu. Jina jipya halijagusa hata herufi moja ya ndani.

Tena majina yenyewe yanapoteza watu. Faili la Biblia la MySword huishia na .bbl.mybible. Mtu akiona neno hilo anaamini ni la programu ya MyBible, kumbe MyBible inataka faili linaloishia na .SQLite3. Yule mwinjilisti wa Tandahimba aliangukia hapo hapo. Kama unatumia AndBible umepata nafuu, kwa sababu matoleo yake ya sasa yanapokea moduli za MySword na za MyBible pia bila kuzigeuza. Mara kadhaa tumemwambia mteja asitulipe, aweke AndBible tu.

Wenye kompyuta za zamani wana mkasa wao. e-Sword ya kabla ya toleo la 9 ilihifadhi vitabu kwa mtindo mwingine wa data, wa Microsoft Access, siyo SQLite. Mchungaji akinunua kompyuta mpya na kuweka e-Sword ya leo, mafaili yake ya miaka ile yanakaa kimya ndani ya folda. Hayajafa. Yanahitaji kutolewa maandishi na kupangwa upya, na hiyo tunaifanya.

Kuhamisha maneno peke yake hakutoshi, kwa sababu ndani ya maneno mna alama. Maneno ya Yesu yanayoonekana mekundu, kwenye moduli za zamani za e-Sword yametanguliwa na \cf6. Kwenye MySword na theWord yamewekwa kati ya <FR> na <Fr>. MyBible inaweka <J> na kufunga kwa </J>. Asiyejua haya akigeuza faili, msomaji anafungua Hotuba ya Mlimani na kukuta aya zimechafuka kwa mabano na herufi zisizosomeka. Vivyo hivyo namba za Strong, zile zinazomwonyesha msomaji neno la Kigiriki au la Kiebrania lililo nyuma ya tafsiri: kila programu ina namna yake ya kuziandika, na zikipotea katika kugeuza huwezi kuzirudisha kwa kubahatisha. Ndiyo maana tunaomba faili la asili, siyo lile ulilokwisha kulijaribu kwa programu ya kugeuzia uliyoiokota mtandaoni.

Kiswahili kina mtego wake mdogo. Herufi zetu ni za kawaida kabisa, kwa hiyo watu hudhani maandishi ya Kiswahili hayawezi kuharibika. Angalia ile alama ya juu kwenye ng'ombe, ng'ambo, ng'oa. Ikiwa aliyechapa alitumia alama iliyopinda, na mgeuzaji akaisoma kwa usimbaji (kanuni ya kompyuta ya kuandika herufi kwa namba) usio ule wa UTF-8 uliotumika kuiandika, ng'ombe anatoka akiwa ngâ€™ombe, na ukitafuta neno hilo kwenye programu halipatikani. Walio na maandishi ya Kiyao ya upande wa Malawi wanajua herufi ŵ. Hiyo ikisomwa vibaya inakuwa Åµ. Kulirekebisha hilo mapema ni dakika chache. Likishasambazwa kwa simu thelathini za wanakwaya, ni kazi ya mwezi.

Kosa lililotufundisha zaidi tulilifanya wenyewe. Mwanafunzi wa chuo cha Biblia alituletea Agano Jipya la Kiingereza cha kisasa, lenye ruhusa ya kusambazwa, tulitengeneze kwa ajili ya theWord. Faili la Agano Jipya la theWord ni maandishi matupu: kila aya ina mstari wake mmoja, na mistari yote ni 7,957. Programu haisomi namba ya aya popote, inahesabu mistari tu. Sasa, tafsiri za siku hizi huziacha baadhi ya aya ambazo hazimo katika hati za kale zaidi, kama Mathayo 17:21, Marko 9:44 na Matendo 8:37. Mahali pa aya hizo panatakiwa pabaki mstari mtupu. Sisi tulisafisha faili, tukaondoa mistari mitupu yote tukidhani ni takataka.

Kijana yule akaenda nayo. Akafungua Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule, aandae somo la Yohana 3:16. Kiswahili kikampa upendo wa Mungu kwa ulimwengu. Kiingereza kikampa wanafunzi wa Yohana Mbatizaji wakilalamika kwamba watu wote wanamwendea Yesu, ambayo ni aya ya 26. Kabla ya kufika Injili ya Yohana zilikuwa zimeshaachwa aya kumi, basi kila kitu kilikuwa kimepanda juu kwa mistari kumi. Na ukiendelea mbele mpaka mwisho wa Warumi, pengo linazidi kukua. Tulimrudishia pesa na kuirudia kazi yote. Tangu siku hiyo hakuna moduli inayotoka dukani kwetu kabla hatujahesabu mistari na kufungua aya za kupimia kwa macho: Zaburi 51, Yohana 3, aya ya mwisho ya Ufunuo, na nyinginezo katikati.

Zaburi 51 tunaichagua kwa sababu. Katika hesabu ya Kiebrania, maelezo ya mwanzo kuhusu Daudi na Nathani yanahesabiwa kuwa aya mbili. Basi ombi la moyo safi, ambalo wengi wetu tunalijua kuwa aya ya 10, huko ni aya ya 12. Ukipanga tafsiri mbili zenye hesabu tofauti bila kulijua hilo, utadhani moja imekosea.

Kwa ndugu zetu Wakatoliki lipo jambo zaidi. Biblia yao ina vitabu 73, na jedwali lenye namba 1 mpaka 66 halina nafasi ya Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira na wenzao. Katekista akija na Biblia ya namna hiyo hatumgeuzii kwenda kwenye programu yoyote tu. Tunamuuliza anatumia simu gani, kisha tunachagua programu inayovipokea vitabu vyote. Kumpa mtu Biblia iliyopunguzwa bila kumwambia si haki.

Kuna kazi tunazikataa, na tunaomba mtuelewe. Moduli iliyonunuliwa na kufungwa kwa ufunguo hatuifungui. Vilevile hatuchapishi upya moduli za tafsiri zenye wenyewe. Biblia nzima ya Kiswahili ya 1891, kazi iliyoanzwa na Askofu Edward Steere, yule aliyewaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, imeshapita umri wa hakimiliki. Lakini Union Version ya 1952, ambayo makanisa mengi yanaisoma, bado ina wenyewe, ambao ni vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya. Ukiwa na nakala halali tutakusaidia kuiweka kwenye programu yako. Kuigeuza na kuisambaza, hapana.

Tunalolitaka zaidi ulizingatie ni maandishi yako mwenyewe. Tafsiri ya Biblia ikipotea itapatikana kwingine. Maelezo uliyoyaandika kando ya Warumi kwa miaka kumi na miwili yako kwenye kompyuta yako tu. Kwenye e-Sword hayo hukaa katika mafaili yanayoishia na .notx, .jnlx au .topx, na kwa kawaida yamo kwenye folda ya e-Sword ndani ya Documents, siyo pale programu ilipo. Fundi asiyejua anafuta Windows, anaweka mpya, anasakinisha e-Sword, anamwonyesha mzee Biblia inafunguka, na wote wanaridhika mpaka siku mzee anapotafuta maelezo yake. Mchungaji mstaafu alikuja kwetu na kompyuta iliyofanyiwa hivyo mahali pengine. Tulikaa nayo siku nne. Tulipata sehemu ndogo tu, kutoka kwenye flashi ya zamani ya binti yake. Alishukuru kwa upole, na upole ule ulituuma kuliko kama angegomba.

Kwa hiyo kabla hujampa fundi yeyote kompyuta, sisi tukiwemo, nakili folda hiyo kwenye flashi na uiache nyumbani. Ukija kwetu, njoo na faili la asili, na simu au kompyuta itakayopokea. Flashi tutaipima virusi mbele yako kwanza. Kuangalia faili na kukuambia kama linageuzika ni bure, na bei tunakutajia kabla hatujaanza. Biblia ya kawaida tunaimaliza siku hiyo hiyo, fafanuzi ndefu huchukua siku mbili kwa sababu ya ukaguzi. Anayetoka Newala au Masasi awahi asubuhi ili aondoke na gari la jioni. Jumapili tumefunga.