Kwanini szabla uliyonunua mtandaoni inachosha mkono

Wiki jana tumeletewa szabla ya hussar irekebishwe mpini, mteja anasema akiitikisa inalia kocho kocho. Hussar ni wale wapanda farasi wa Polandi wenye mabawa ya manyoya, waliowaporomokea Waturuki pale Vienna mwaka 1683 chini ya mfalme Jan III Sobieski, na szabla ndo upanga wao wa kupinda. Tukaiweka kwenye mizani: kilo 1 na gramu 400. Hapo nilishajua tutakuta nini.

Tukachukua vernia, kile kipimo cha kupimia unene. Unene wa chuma pale kwenye kikinga mkono, milimita 4. Shuka mpaka shubiri moja kabla ya ncha, milimita 4. Yaani ni bamba limekatwa na mashine, likapindishwa kidogo, likanolewa, basi. Szabla za zamani haziko hivo, kwa kawaida chuma kinaanza kinene karibu na mkono, milimita 5 mpaka 7, alafu kinapungua taratibu njia nzima mpaka kule mbele unakuta 2 au hata chini ya hapo, ndo maana upanga wenye urefu ule ule unakuta una kilo moja hivi au pungufu, na hata hiyo kilo huisikii kwasababu imelala kwenye kiganja.

Sisi tuliozoea panga la shamba tunapenda uzito uende mbele, maana kichaka hakikurudishii pigo. Mtu wa kwenye farasi yeye anakata, anarudisha, anakata upande wa pili, mkono ukichelewa kurudi amekwisha. Hata ile pete ya kidole gumba pembeni ya mpini wa hussar sio urembo, gumba likiingia pale unaiongoza ncha kwa kifundo cha mkono badala ya kuvuta bega zima. Weka pete hiyo kwenye bamba la milimita 4 uone kama gumba halitauma kesho yake.

Mpini tukaufungua. Ndani shina la upanga limeishia nusu, limechomelewa kijiti cha chuma chenye uzi wa skrubu, chembamba kama penseli, na pale kwenye welding pameshaanza kupasuka. Mteja huwa anauzungushia bustanini na watoto wako karibu! Tulimwambia ukweli, mpini tunaweza kukaza lakini huo upanga utundike ukutani, usiupige na kitu.

Sasa ya kwetu. Tunatumia chuma cha springi, 50HF, tunakifua kwa nyundo mpaka kinene kiwe kinene na chembamba kiwe chembamba, shina tunaliacha limoja na upanga mpaka mwisho wa mpini alafu mwisho wake tunaugonga utanuke kama kichwa cha msumari, mpini usichomoke. Ikifika kwenye tanuri ni kama nyuzi 850, inaingia kwenye oili, inarudishwa tena kwenye moto mdogo isije ikakatika kama glasi. Hapo ndo pa kuombea, kwasababu chuma kilichopinda na chenye unene usio sawa kinajipindua kinavyotaka, tunanyoosha kingali na joto, na saa ingine unasikia tik, ufa, kazi ya siku nne imeenda. Ndo maana tunasema oda inachukua wiki 10 mpaka 14, hatukuzungushi.

Kuna wanaotaka wz. 34 (yaani modeli ya 34), szabla ya mwisho ya wapanda farasi wa Polandi. Hiyo ni nyingine kabisa, ilitoka kiwandani, Huta Ludwików pale Kielce, karibu 40,000 mpaka vita inaingia 1939, kabla yake jeshi lilikuwa na mchanganyiko wa Kiaustria, Kijerumani, Kirusi na Kifaransa. Tunaitengeneza, ila usituombe tugonge muhuri wa kiwanda na namba, tunagonga alama yetu tu. Upanga wenye muhuri wa uongo kesho unauzwa kama orijino, na mi sitaki kuwepo kwenye hiyo stori. Na ile hadithi kwamba wapanda farasi wa Polandi walivamia vifaru vya Wajerumani na szabla, hapana, hawakuvamia. Kule Krojanty, kijiji cha Polandi, tarehe 1 Septemba 1939 walishambulia askari wa miguu wa Kijerumani, magari ya deraya yakatokea baadae na bunduki zake.

Kama unataka kuoda, tandaza mkono wako wa kulia kwenye karatasi, uchore na penseli kuzunguka vidole vyote, upige picha na rula iwe pembeni. Useme pia kama ni ya kutundika, ya mazoezi au ya kukata, kwasababu ya mazoezi hatuinoi na ncha tunaifanya butu. Ikifika usiiache ndani ya ala ya ngozi miezi yote, ngozi inashika unyevu na kutu inaanzia humo humo usipopaona. Ifute, ipake oili kidogo, hasa pale ulipoweka vidole.