Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama cha wapima mvua,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na wenye malimbikizo ya ada namwachia yeye. Mimi nina jambo moja, lile lililotugawa ukumbini mwezi wa saba hadi chai ikapoa: je, binadamu aipoze dunia kwa makusudi?

Kwamba dunia hupoa, mlima ulishatuonyesha. Juni 1991 Pinatubo, kule Ufilipino, ulilipuka na kurusha angani tani zipatazo milioni 15 za salfa dioksidi. Gesi ile ikageuka vijichembe vilivyorudisha sehemu ya miali ya jua, na mwaka uliofuata wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu digrii. Hapo hatukubishana. Tulibishana juu ya wazo la ndege kuifanya kazi hiyo kila mwaka. Vijichembe hukaa juu mwaka mmoja au miwili tu. Ukisitisha urushaji huku hewa ukaa imezidi kujilimbikiza, joto ulilolizuia hurudi kwa kasi, sehemu kubwa ndani ya muongo mmoja hivi. Na bahari huendelea kuingia tindikali, maana hewa ukaa yenyewe hujaigusa. Mzee wetu mmoja alisema ni panadol juu ya jino bovu. Wengine walicheka, mimi niliandika.

Linaloninyima usingizi ni mvua. Kwa miaka mingi kompyuta za wataalamu zimetabiri kuwa masika ya Afrika Mashariki yataongezeka, ilhali vipimo vya tangu miaka ya 1980 vilionyesha yakipungua. Kompyuta iliyokosea masika tunayoyaona kwa macho, nitaiaminije ikiniambia masika yatakuwaje chini ya anga iliyotiwa salfa? Mwaka 1982 mlima wa volkano El Chichón ulilipuka Mexico, na Saheli, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, ikapata ukame mkali. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa vijichembe vikielemea kaskazini mwa dunia, mvua ya Saheli hupungua. Vikielemea kusini, huongezeka. Kwa hiyo ndege itapita upande gani, na nani atampa rubani amri?

Jibu halipo. Mwaka 2019 Uswisi ilipeleka hoja juu ya jambo hili Nairobi, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ikakwama. Mwaka huu ikairudisha palepale, ikaiondoa tena. Mawaziri wa mazingira wa Afrika walikuwa wamekwishakubaliana Addis Ababa, Agosti 2023, kwamba uandaliwe mkataba wa kutoitumia teknolojia hii. Wakati huohuo kampuni moja ndogo ya Marekani ilisharusha maputo yake yenye salfa dioksidi Mexico mwaka 2022 bila kumuuliza mtu, na Januari 2023 serikali ya huko ikatangaza marufuku. Mkataba tunaupigia mjadala, puto linapaa.

Msimamo wangu, si wa kamati: nawaunga mkono mawaziri kuhusu matumizi. Utafiti usifungwe, ila uwe wa wazi na wanasayansi wetu wawemo tangu siku ya kwanza, si kuitwa mwishoni kusaini.

Kuhusu mafuriko ya Dubai na Oman ya Aprili, wengi mlinitumia sauti za WhatsApp zikidai ni "mvua ya kutengeneza". Kunyunyizia mawingu chumvi ni jambo jingine kabisa na hakuwezi kuleta dhoruba kubwa kiasi kile, ambayo watabiri walikuwa wameiona siku kadhaa kabla. Tafadhali msisambaze.

Sasa aibu yetu. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi Mei, chama chetu kilipata vipimo kutoka shule chache mno. Kwingine kipima mvua kilifurika kabla ya msomaji kufika. Kwingine, nimeambiwa, kinapandwa maua. Tunalalamika kwamba kompyuta za ughaibuni haziijui mvua yetu, na daftari tumelifunga wenyewe.

Fomu za vuli ziko mezani kwa katibu. Ambaye kipimo chake kimevunjika aseme leo, kabla hatujapitisha bajeti.