Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: Namba fupi kwa wanafunzi wasiolala

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tunaiomba TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania, mambo mawili: namba fupi isiyokata salio kwa wanafunzi wa vyuo wanaokosa usingizi, na mazungumzo na kampuni za simu kuhusu bando za usiku.

Anayeshindwa kulala angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, ana tatizo sugu. Tiba ya kwanza si vidonge bali mafunzo ya tabia yanayoitwa CBT-I, na hesabu yake inafanyika hata kwenye kitochi. Kila asubuhi mwanafunzi anabonyeza msimbo na kujibu: alipanda kitandani saa ngapi, alichukua dakika ngapi kupata usingizi, alikaa macho dakika ngapi usiku, alitoka kitandani saa ngapi. Maswali yasizidi manne, maana USSD, yaani huduma hiyo ya kubonyeza msimbo, hukatika mtu akichelewa kujibu. Majibu yawe ya kukadiria. Anayechungulia saa usiku ili ajaze sawasawa anazidi kukesha.

Baada ya wiki, mfumo unagawanya saa alizolala kwa saa alizokaa kitandani. Aliyelala 6 kati ya 8 ana asilimia 75. Ili akae kitandani kwa muda uleule anaolala, ataelekezwa alale saa 6 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, Jumapili ikiwemo. Akifika asilimia 85, anaongezewa dakika 15 kila wiki. Muda wa kukaa kitandani usishuke chini ya saa 5. Mwenye kifafa au bipola asianze bila daktari, kwani kupunguza usingizi kunaweza kuamsha ugonjwa. Siku za mwanzo atasinzia mchana: aambiwe mapema, la sivyo ataacha, na asiendeshe bodaboda akiwa hivyo.

Sasa, saa 6 usiku ndipo bando nyingi za bei nafuu zinapofunguka. Anayezisubiri apakue madesa (notsi za masomo) hawezi kulala, hata mfumo uwe mzuri vipi. Tunaelewa kwamba kampuni huuza usiku kwa sababu mtandao hauna msongamano. Basi bando ya wanafunzi iwe saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi, mtandao ukiwa bado mwepesi.

Taarifa za usingizi ni taarifa za afya. Zihifadhiwe kwa namba ya siri, si namba ya usajili wa chuo, na mhadhiri asizione, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Namba ikitolewa kabla ya muhula kufunguliwa, mafunzo yataanza wiki ya kwanza, kabla ya test na UE (mitihani ya mwisho wa muhula).

Wenu,
Washauri nasaha na waandaaji wa programu za simu